Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba 2,147,483,647

Hii ni namba gani hasa?

Ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Hupatikana hivi: andika 2 mara 31, zizidishe zote kwa pamoja, kisha toa 1. Kwa kifupi huandikwa 2³¹ − 1. Ina tarakimu kumi, ni witiri, na ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe.

Ina umaarufu wa aina mbili. Wanahisabati wanaijua kwa sababu ilikuwa tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa kuanzia karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Wanaoandika programu wanaijua kwa sababu ndiyo dari ambayo hesabu nyingi za kompyuta hugonga. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakadhani kompyuta inaishia hapo kwa kuwa namba hiyo ni tasa. Sivyo, na swali hilo lina jibu lake hapa chini.

Ni kubwa kiasi gani?

Ukihesabu namba moja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, utaifikia baada ya miaka 68 na siku kama 18. Kwa mambo ya watu na fedha, hiyo si namba ya kutisha. Watu duniani ni zaidi ya mara tatu yake.

Nani alisema kwanza kuwa ni tasa?

Kusema na kuthibitisha ni vitu viwili. Pietro Cataldi, mwanahisabati wa Bologna, aliitaja kuwa tasa mwanzoni mwa karne ya 17. Kwenye orodha yake aliweka pia vipeo (kipeo ni ile namba ndogo ya juu, kama 31 katika 2³¹) 23, 29 na 37, na vyote vitatu vilikuja kuonekana si sahihi. Kwenye 31 alipatia, lakini hakuwa na uthibitisho.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha yake. Alidai kwamba kati ya vipeo p visivyozidi 257, namba 2ᵖ − 1 ni tasa kwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 tu. Alikosea mara tano: 67 na 257 hazifai, na aliacha 61, 89 na 107. Pamoja na hayo, namba za aina hii zinaitwa namba za Mersenne mpaka leo. Kosa la 67 lilikaa muda mrefu kabla ya mtu kupata vigawo vyenyewe. Mwaka 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Uthibitisho wa 2³¹ − 1 ulikuja kwa Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg. Ulichapishwa mwaka 1772, katika barua aliyomwandikia mmoja wa ukoo wa Bernoulli. Wakati huo macho ya Euler yalikuwa yamekaribia kuzima kabisa.

Alithibitishaje bila kompyuta?

Swali hili ndilo tamu kuliko yote, kwa hiyo jibu lake ni refu.

Njia ya kawaida ya kujua kama namba ni tasa ni kuijaribu kwa namba tasa zote zisizozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na ziada. Chini ya hapo kuna namba tasa 4,792. Kugawanya kwa mkono mara 4,792, kila mara namba ya tarakimu kumi, ni kazi ambayo mtu mwenye akili zake anaitafutia njia ya mkato.

Mkato wa kwanza: kama p ni tasa iliyo witiri, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 lazima kiwe zidisho la 2p likiongezwa 1. Jaribu kwenye namba ndogo uone. 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Hapa p ni 11, kwa hiyo tunatarajia mazidisho ya 22 yakiongezwa 1. Kweli, 23 ni 22 + 1, na 89 ni 22 × 4 + 1. Kwa kipeo cha 31, basi, kigawo chochote lazima kiwe zidisho la 62 na moja juu.

Mkato wa pili: ukigawanya kigawo tasa hicho kwa 8, baki lazima liwe 1 au 7. Rudi kwenye 23 na 89: 23 kwa 8 inabaki 7, na 89 kwa 8 inabaki 1.

Ukiunganisha masharti yote mawili, zinabaki namba za sura mbili tu: 248n + 1 na 248n + 63. Kuanzia hapo hadi 46,340, ukiiacha 63 ambayo ni wazi si tasa, ziko namba 372. Nyingi kati ya hizo nazo si tasa, kwa hiyo unaziruka: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Gawanya: 311 × 6,905,092 ni 2,147,483,612, baki 35. Haigawi. Ukiendelea kuruka zisizo tasa utakutana na 1,303: unapata 1,648,107, baki 226. Nayo haigawi. Unaendelea hivyo mpaka mwisho, na hakuna inayogawa bila baki. Basi, ni tasa.

Kazi ya wiki nyingi imekuwa ya siku chache, na hakuna hata chembe ya kubahatisha ndani yake. Mwalimu wa sekondari anayetafuta mfano wa kuonyesha faida ya nadharia asihangaike, autumie huu.

Kuna njia fupi zaidi siku hizi?

Ipo, na ni fupi mno. Inaitwa jaribio la Lucas na Lehmer. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki baada ya kugawanya kwa namba unayoijaribu. Rudia hivyo mara p − 2. Mwisho ukipata 0, namba ni tasa. Usipopata 0, si tasa.

Kwa mfano 2⁵ − 1, yaani 31, ambapo tunarudia mara 3: 4 inakuwa 14. 14 inakuwa 194, na 194 kwa 31 inabaki 8. 8 inakuwa 62, na 62 kwa 31 inabaki 0. Tasa. Kwa 2,147,483,647 unarudia mara 29 tu. Kwa kikokotoo kinachobeba tarakimu za kutosha, unamaliza chai haijapoa.

Je, kila 2ᵖ − 1 ni tasa?

Hapana. Kipeo kikiwa si tasa, hakuna hata haja ya kujaribu. Chukua 15, ambayo ni 3 × 5: 2¹⁵ − 1 lazima igawanyike kwa 2³ − 1 na kwa 2⁵ − 1, yaani kwa 7 na 31. Na ndivyo ilivyo, 32,767 ni 7 × 31 × 151. Kipeo kikiwa tasa, inawezekana ikawa tasa au isiwe, kama tulivyoona kwa 11. 2³¹ − 1 ni tasa ya nane ya Mersenne, baada ya 3, 7, 31, 127, 8,191, 131,071 na 524,287. Hadi iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye kipeo 136,279,841, zilizojulikana ni 52.

Kwa nini kompyuta inaishia kwenye namba hii?

Kwa sababu ya nafasi. Kompyuta huandika namba kwa 0 na 1, kila moja ikiitwa biti. Kwa muda mrefu kipimo cha kawaida cha kuhifadhi namba nzima kimekuwa biti 32. Moja kati yake inaonyesha alama: 0 kwa chanya, 1 kwa hasi. Zinabaki 31 za kuandikia namba yenyewe. Zote zikiwa 1, umefika 2³¹ − 1. Hakuna nafasi zaidi.

Upande wa hasi unafika −2,147,483,648, moja zaidi, kwa kuwa sifuri imechukua nafasi upande wa chanya.

Kwa hiyo waliichagua kwa sababu ni tasa?

Hapana kabisa. Walichagua biti 32, na utasa ukajitokeza wenyewe. Angalia ndugu zake. Dari ya biti 16 ni 32,767, na tumeona sasa hivi inavyovunjika kwa 7, 31 na 151. Dari ya biti 64 ni 9,223,372,036,854,775,807, yaani 2⁶³ − 1. Hiyo nayo si tasa: vigawo vyake tasa ni 7 (mara mbili), 73, 127, 337, 92,737 na 649,657. Kompyuta zinazitumia zote bila kujali. Dari ya biti 8, ambayo ni 127, ni tasa, lakini nayo ni kwa bahati tu.

Nikiongeza 1 juu yake inakuwaje?

Inategemea lugha ya programu. Kwenye Java unapata −2,147,483,648, kimya kimya, bila onyo. Ni kama mita ya gari la zamani inayopita 99,999 na kurudi mwanzo, ila hapa mwanzo wenyewe uko kwenye hasi. Kwenye C, kanuni za lugha hazikuhakikishii chochote, na huo ndio ubaya wenyewe. Python haina dari hiyo kwa namba nzima. Inaongeza nafasi kadiri inavyohitaji.

Mwaka 2014 video ya msanii wa Korea Kusini, Psy, ilitazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647 kwenye YouTube. Kihesabu cha YouTube kikahamia biti 64, na tangu hapo hakuna video iliyoikaribia dari mpya.

Wateja wangu wote kwenye kanzidata wana namba ya simu 2147483647. Nimevamiwa?

Hujavamiwa. Safu ya namba za simu imewekwa kuwa INT, yaani namba nzima ya biti 32.

Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa na 255 mbele ina tarakimu 12, kwa hiyo kompyuta ikiisoma kama hesabu inaona zaidi ya bilioni 255. Haiingii kwenye dari ya bilioni mbili. MySQL, programu ya kuendeshea kanzidata, ikiwa imezimiwa ukali wa ukaguzi, haikatai. Inaibana hadi namba kubwa inayoingia. Asha anapata 2147483647, Juma anapata 2147483647, na ujumbe wa kuwakumbusha madeni hauendi kwa yeyote. Toleo la 5.7 na yaliyofuata huwa na ukali huo tangu kusakinishwa, kwa hiyo hukataa na kutoa kosa. Mifumo mingi inayoendeshwa mitaani, hata hivyo, ni ya zamani, au kuna mtu aliyezima ukali ili kosa liache kumsumbua.

Namba za ndani bila sifuri, kama zile zinazoanza na 7 au 6, zinaingia vizuri kwa sababu zina tarakimu tisa tu. Ndiyo maana mfumo unaweza kwenda miaka bila tatizo, mpaka siku mtu anaamua zihifadhiwe na msimbo wa nchi.

Dawa ni kuihifadhi namba ya simu kama maandishi. Hakuna anayejumlisha namba za simu, na sifuri ya mbele haitapotea. Data iliyokwisha kubanwa hairudi kwa kubadilisha aina ya safu. Lazima uitafute kwenye nakala ya akiba au uwaulize wateja upya.

Na fedha je?

Hapa sisi tunaotumia shilingi tunaumia mapema kuliko wenzetu. Programu iliyoandikwa na mtu anayewaza kwa dola huona bilioni mbili ni mbali sana. Kwa shilingi ya Tanzania hiyo ni chini ya dola milioni moja, mauzo ya kawaida ya duka kubwa la jumla; kwa shilingi ya Uganda ni pungufu zaidi. Na kama mfumo unahifadhi kwa senti, dari inashuka hadi 21,474,836 na senti 47, ambayo ni bei ya gari lililotumika. Tumia safu ya aina ya BIGINT (namba nzima ya biti 64) au DECIMAL (namba ya desimali) tangu siku ya kwanza.

Mwaka 2038 kuna nini?

Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa UTC, yaani saa za kimataifa. Zikihifadhiwa kwa biti 32, zitafika 2,147,483,647 Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, na sekunde 7. Kigali, Bujumbura na Bukavu itakuwa saa 11 na dakika 14 alfajiri. Muscat, saa 1 na dakika 14 asubuhi.

Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utarudi Ijumaa tarehe 13 Desemba 1901.

Simu na kompyuta mpya za biti 64 haziko hatarini. Kwao dari ya sekunde iko mbali kwa miaka takribani bilioni 292. Wasiwasi wangu ni kwa vifaa vidogo vinavyofungwa ukutani na kusahaulika, mafaili ya zamani, na safu za aina ya TIMESTAMP (za kuhifadhi tarehe na saa) kwenye MySQL, ambazo mwisho wake umeandikwa kuwa sekunde hiyohiyo. Wala huhitaji kungoja 2038. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 unaotolewa leo tayari una tarehe ya mwisho iliyo ng'ambo ya hapo.

Kuwa kwake tasa kuna faida yoyote kwa kompyuta?

Ipo, na hapa ndipo umaarufu wake wa pande mbili unapokutana kweli. Watu waliona tasa kubwa imekaa palepale kwenye ukingo wa biti 31, wakaitumia kutengeneza namba za nasibu.

Njia yenyewe aliipendekeza D. H. Lehmer, yuleyule wa jaribio la juu. Chukua namba yoyote ya kuanzia, kati ya 1 na 2,147,483,646, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, shika baki. Baki hilo ndilo namba yako, na ndilo unaloanzia tena. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, halafu 984,943,658. Zinaonekana hazina mpangilio. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza iwe kiwango cha chini kabisa kinachokubalika.

Kwa nini 16,807? Ni 7⁵. Utasa wa namba yetu, pamoja na uteuzi huo, unahakikisha kwamba mfululizo unapita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia. Hakuna inayorukwa.

Kuna urahisi mwingine. Kwa kuwa 2³¹ ukiigawanya kwa namba yetu inabaki 1, kompyuta haihitaji kugawanya kabisa. Inakata namba katika vipande vya biti 31 na kuvijumlisha. Ni kanuni ileile ya shule ya msingi ya kujumlisha tarakimu ili kujua baki la 9.

Usiitumie kutengeneza nywila au zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS. Aliyeona namba moja kamili anaijua inayofuata, na zote zitakazokuja.

Inahusianaje na namba kamilifu?

Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinaipata: 6 ni 1 + 2 + 3. Kila tasa ya Mersenne inazaa moja. Ya kwetu, ikizidishwa kwa 2³⁰, inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa ni za kustaajabisha tu, hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Lucas, Mfaransa, alithibitisha 2¹²⁷ − 1 mwaka 1876, na padri wa Urusi, Ivan Pervushin, akaja na 2⁶¹ − 1 mwaka 1883. Barlow aliwajua wanahisabati vibaya.

Majirani zake wakoje?

2,147,483,646 inavunjika vizuri: 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. 2,147,483,648 ni 2³¹ tupu. 2,147,483,649 ni 3 × 715,827,883, na hiyo ya pili ni tasa. Tasa inayoitangulia ni 2,147,483,629, na inayoifuata ni 2,147,483,659, kwa hiyo haina pacha, yaani tasa inayopishana nayo kwa 2. Ukipanga tasa zote kuanzia 2, yenyewe ni ya 105,097,565.

Inaweza kuandikwa kama jumla ya namba mbili za mraba?

Haiwezi. Tasa iliyo witiri huweza tu kama ikigawanywa kwa 4 inabaki 1, na hii inabaki 3. Hata tatu hazitoshi, kwa sababu ukiigawanya kwa 8 inabaki 7. Inahitaji nne.

Kama 2³¹ − 1 ni tasa, je, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa 1, nayo ni tasa?

Watu walitamani hivyo, maana kuna dalili za kuvutia. 3 ni tasa ya Mersenne, na 2³ − 1 = 7 ni tasa. 7 nayo inatoa 127, tasa. 31 nayo ni tasa ya Mersenne, na inatoa namba yetu hii. 127 inatoa 2¹²⁷ − 1, ambayo Lucas aliithibitisha.

Lakini ya kwetu haiendelezi mlolongo huo. Namba hiyo ingekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646, lakini inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Sura ya kigawo hicho inafuata mkato wa kwanza tuliouona juu: toa 1, gawanya kwa mara mbili ya 2,147,483,647, utapata 68,745 kamili.